Yai la ganda laini si kazi ya mchawi

 

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya kukausha karanga. Mtusamehe, karanga zitangoja kidogo. Kuna jambo limetokea katika kimoja cha vikundi vyetu, nalo linahusu kuku, mayai na ujirani. Wenye habari wamekubali tuiandike, ila hatutataja kijiji wala jina la mtu.

Mwenzetu mmoja alipokea zamu yake ya likelemba akanunua kuku kumi na wawili wa kutaga. Walianza vizuri. Kwa juma alijaza plato mbili za mayai, na fedha yake ikawa inalipa shule ya binti yake wa sekondari. Baada ya miezi michache mayai yakabadilika. Kwanza maganda yakawa membamba, ukilishika yai linabonyea. Halafu yakatokea mayai yasiyo na ganda kabisa, ngozi tupu kama kifuko cha maji. Siku moja alifunga plato mbili nyuma ya baiskeli, akafika sokoni na mayai kumi na tisa yamepasuka. Alirudi nyumbani analia.

Jirani yake ni bibi mjane, anaishi peke yake na mjukuu. Kabla ya shida hiyo kuanza, bibi huyo alikuwa amekuja kuomba moto, akapita karibu na banda, akasema, “Kuku wako wanataga sana, mama.” Basi maneno hayo yakakumbukwa. Watu wakaanza kusema, “Yai bila ganda ni yai lililoliwa usiku.” Watoto wakakatazwa kucheza na yule mjukuu. Shemeji mmoja akatafuta mtu wa kuja kufunua wachawi. Sisi sote tunajua habari za namna hii huishia wapi. Bibi kizee anafukuzwa kijijini, nyumba yake inabomolewa, na hakuna anayeuliza tena kama ilikuwa kweli.

Binti wa yule mjane alikuja kwetu kuomba chama kiseme neno. Tukatuma wawili kati yetu kwenda kuangalia. Hawakwenda kuhukumu mtu, walikwenda kuangalia kuku.

TULICHOKIKUTA BANDANI

Kuku walikuwa wamefungiwa katika chumba nyuma ya jiko, giza tupu. Mama alieleza kwamba aliwafungia kwa sababu ya wezi, na alikuwa na haki ya kuogopa. Tulimuuliza wanakula nini. Mahindi, pumba za mpunga, na mabaki ya bugali. Tulimuuliza walifungiwa tangu lini. Alihesabu kwa vidole: mwezi mmoja na nusu. Na mayai yalianza kuharibika lini? Akanyamaza, halafu akasema, “Majuma mawili baada ya kuwafungia.”

Zamani wale kuku walikuwa wanatembea nje. Walikuwa wanaokota maganda ya konokono, vipande vya mifupa, wadudu, majani, na changarawe. Walikuwa wanaota jua. Siku walipofungiwa, vyote hivyo vilikatika. Mahindi yalibaki yaleyale, kwa hiyo mama hakuona kwamba chakula kimepungua. Tumbo lilikuwa linashiba, lakini ganda la yai halikupata vitu vya kulijenga.

GANDA LINATOKA WAPI

Tuchukue yai moja la gramu 60. Ganda lake ni kama gramu 6. Ganda hilo karibu lote ni chokaa, ile ambayo waganga wa mifugo wanaiita kalsiamu kaboneti. Ndani ya gramu hizo 6 kuna gramu 2 na zaidi kidogo za kalsiamu yenyewe. Kuku akitaga leo, gramu hizo zimetoka mwilini mwake. Akitaga kesho, nyingine zimetoka. Kuku anayetaga mayai 250 kwa mwaka anatoa zaidi ya nusu kilo ya kalsiamu, na yeye mwenyewe hana uzito hata wa kilo mbili na nusu.

Kutengeneza yai moja kunachukua saa 24 hadi 26. Katika muda huo, karibu saa 20 ni za kujenga ganda, na kazi kubwa inafanyika usiku kuku akiwa amelala. Kwa kuwa kalsiamu yote anayokula haiingii mwilini, kuku wa kutaga kila siku anahitaji kula gramu 3 na nusu hadi 4 za kalsiamu kwa siku.

Sasa tuangalie mahindi. Gramu 100 za mahindi zina kama sehemu tatu za mia za gramu moja ya kalsiamu, hata pungufu. Kuku mmoja anakula gramu 110 hivi kwa siku. Kwa mahindi peke yake, hapati hata sehemu moja ya mia ya kile anachohitaji. Pumba za mpunga zinazidi mahindi kidogo tu. Muhogo nao hauwezi kuziba pengo hilo.

Je, kuku anafanya nini? Hakatai kutaga mara moja. Anachota kwenye mifupa yake. Mwenyezi Mungu amempa kuku jike akiba maalumu ndani ya mifupa ya miguu, kama mama anayeficha fedha kidogo kwenye kona ya kitenge. Akiba hiyo imewekwa kwa kusaidia usiku mmoja mmoja, si kwa kulisha mayai ya miezi. Ikiisha, ganda linakuwa jembamba, halafu linapotea. Mwisho kuku mwenyewe anaanza kuchechemea, analala ubavu, mifupa inavunjika kirahisi, na anaacha kutaga. Wale kuku kumi na wawili walikuwa njiani kufika huko. Wawili walikuwa tayari hawasimami vizuri.

Na giza nalo lilikuwa na sehemu yake. Ili kalsiamu ipite kutoka tumboni kuingia damuni, kuku anahitaji vitamini D. Kuku anayeota jua anaitengeneza mwenyewe kwenye ngozi. Kuku wa gizani, asiyepewa chakula cha kiwandani chenye vitamini hiyo, hana pa kuipata. Unaweza kumwekea maganda mbele yake na bado yasimfae vya kutosha.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla ya kueleza dawa, tunapaswa kusema jambo ambalo si tamu kwetu. Kiangazi kilichopita, katika safu hii hii, tuliandika kwamba kila mwenye kuku aweke chokaa katika chakula. Tuliandika “kuku”, hatukuandika “kuku wanaotaga”. Tena hatukueleza ni chokaa ya namna gani.

Wamama watatu wa kikundi kimoja walitufuata wakalisha mchanganyiko huo mpaka vifaranga. Vifaranga vilidhoofika, vikanywa maji mengi, na vingi vikafa. Mama mwingine alichukua chokaa ya kupaka ukuta, ile ya moto, na kuku wake wakaungua midomo. Tulipewa taarifa, tukaomba msamaha kwa mdomo katika mkutano, lakini hatukuandika. Leo tunaandika: tulikosea, na tunaomba radhi.

Ukweli ni huu. Kifaranga na kuku mchanga ambaye hajaanza kutaga wanahitaji kalsiamu kidogo tu, kama gramu 1 katika kila gramu 100 za chakula. Kuku wa kutaga anahitaji karibu mara nne ya hiyo. Ukimpa kifaranga chakula cha mama yake, kalsiamu iliyozidi inaharibu mafigo yake. Jogoo naye haitaki. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, tafadhali isomeni mara mbili: maganda na chokaa ni kwa kuku wanaotaga, na kwa wale wanaokaribia kutaga, yaani kishungi kikianza kuwa chekundu. Si kwa vifaranga.

Kanuni ya pili: chokaa ya kupaka nyumba si chakula. Ile inayochemka ukiimwagia maji inaunguza koo na tumbo. Chaki ya shule nayo msiitegemee, kwa sababu chaki nyingi za siku hizi si chokaa ile ya ganda la yai.

VITU VILIVYOPO KWETU

Hatuna sababu ya kungoja mfuko wa dawa kutoka Bukavu au Kalemie. Vitu vya kuwapa kuku ganda zuri vipo hapa hapa.

Maganda ya mayai. Yale ya jikoni kwako na ya jirani anayeuza mayai ya kuchemsha. Msiyatupe. Yaosheni, yakaushwe, halafu yakaangwe kwenye sufuria kavu juu ya makala mpaka yakauke kabisa na kuanza kunukia. Moto huo unaua vijidudu vinavyoweza kuhamisha ugonjwa kutoka kuku mmoja kwenda mwingine. Halafu yapondwe yasifanane tena na yai. Kuku akipewa nusu ganda zima, anajifunza kwamba yai ni chakula, na kesho atadonoa ya kwake.

Maganda ya konokono na makome ya mto. Konokono wakubwa wa shambani wanaacha maganda kila mahali, na ukingoni mwa Lualaba na Luama kuna makome. Haya ni chokaa nzuri sawasawa na ya yai. Yaosheni, yapitisheni juu ya makala mpaka yawe mepesi kuvunjika, kisha kinu na mchi. Lakini angalieni: msiyachome kwa moto mkali mpaka yawe meupe kama unga. Watu wa pwani ya bahari wanachoma matumbawe kwa moto mkali ili kupata chokaa ya kujengea. Ukifanya hivyo kwa maganda ya konokono, umetengeneza ile chokaa ya moto tuliyoikataza.

Mifupa. Hii ni tofauti na maganda. Mifupa ya mbuzi, ng’ombe na samaki ichomwe mpaka iwe myeupe na ivunjike kwa vidole. Haina hatari ya kuwa chokaa ya kuunguza. Mifupa inaleta kalsiamu pamoja na fosforasi. Mtauliza, fosforasi ya nini? Ni ndugu wa kalsiamu katika kujenga mfupa ule wa akiba. Pumba za mpunga zina fosforasi nyingi, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya pumba na tumbo la kuku haliwezi kuifungua. Ya kwenye mifupa inafunguka.

Chumvi. Kuku anahitaji chumvi kidogo sana, gramu 3 katika kilo moja ya chakula. Ikizidi, anakunywa maji bila kuacha, anahara, ganda linaharibika, na anaweza kufa. Kama mnatumia ndakala waliotiwa chumvi, msiongeze nyingine. Na msimimine maji ya chumvi yaliyobaki jikoni katika chombo cha kuku.

Madini mengine. Kuna yanayohitajika kwa kiasi cha punje tu, kama manganizi na zinki. Bila hayo ganda halishikamani vizuri hata kalsiamu ikiwepo. Kiwandani yanatiwa kwa kipimo cha mashine. Sisi tunayapata kwa njia ya kuchanganya: pumba kidogo, majani mabichi kila siku, ndakala, na kuku kuachiwa kuchakura udongo. Msinunue unga usio na jina sokoni eti ni wa madini. Tuliwahi kununua kwa mfanyabiashara mmoja, na nusu yake ilikuwa mchanga.

Na majivu ya jikoni? Yana kalsiamu, ndiyo, lakini yana pia magadi makali. Yawekeni shimoni ili kuku waogee na kuondoa utitiri. Katika chakula, hapana.

NAMNA YA KULISHA

Njia ya kwanza ni kwa mwenye kuku wa kienyeji wanaotembea. Huyu asichanganye kitu. Aweke maganda yaliyopondwa katika sahani ya pembeni, mahali pakavu. Kuku anayetaga ataenda mwenyewe, na asiyetaga ataonja kidogo na kuondoka. Mwili wake unamwambia. Kama kuna vifaranga, inueni sahani juu ya tofali ili mama afike na watoto wasifike. Maganda yawe na ukubwa wa chenga za mchele, si unga. Chenga zinakaa muda mrefu katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linajengwa. Unga unapita haraka. Na saa nzuri ya kujaza sahani ni alasiri, kuanzia saa tisa, kwa sababu kuku wa kutaga anatafuta chokaa jioni kabla ya kulala.

Njia ya pili ni kwa mwenye kuku waliofungiwa, wanaotaga karibu kila siku. Huyu achanganye. Kwa kilo 10 za chakula:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 5 na nusu.
Pumba za mpunga, kilo 1 na gramu 200.
Soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 1 na gramu 600. Soya mbichi hapana, inazuia chakula kusagika tumboni.
Ndakala wakavu waliosagwa, gramu 700.
Maganda ya konokono, makome au mayai, gramu 800.
Mifupa iliyochomwa na kusagwa, gramu 200.
Chumvi, gramu 30, yaani vijiko viwili vya mezani visivyojaa, kama ndakala hawana chumvi.

Asiye na soya anaweza kuweka mashudu ya karanga, lakini yasiwe na ukungu hata kidogo. Mchanganyiko huu unakaribia gramu 4 za kalsiamu kwa siku kwa kila kuku. Asiye na mizani apime kwa kopo moja tu siku zote, baada ya kwenda mara moja kwa mwenye mizani sokoni na kuandika kila kopo lina uzito gani wa kila kitu. Kopo la pumba si sawa na kopo la maganda.

Halafu watoeni nje au wafungulieni ukuta wa mashariki au wa magharibi kwa wavu, wapate jua walau asubuhi na jioni. Hofu ya wezi tunaielewa. Wavu na kufuli ni bora kuliko giza.

SI KILA GANDA BAYA NI KALSIAMU

Hapa tunataka tusikosee tena kwa kusema neno moja kwa wote. Kabla ya kupika maganda, angalieni mambo manne.

Joto. Kuku akihema kwa mdomo wazi, damu yake inabadilika na ganda linakuwa jembamba hata akila vizuri. Kivuli na maji safi ya baridi ndiyo dawa. Kuku asiyekunywa hatagi, na aliyekosa maji mchana anakula kidogo.

Umri. Kuku mzee anataga mayai makubwa, lakini chokaa yake ni ileile inatandazwa juu ya yai kubwa zaidi. Ganda linakuwa jembamba. Mwaka wa pili ukiisha, fikirieni sufuria.

Hofu. Mbwa, watoto, kelele za usiku. Kuku aliyeshtuka anaweza kutoa yai kabla ya ganda kukamilika. Hili linakuja kwa mayai machache na linapita.

Ugonjwa. Hili ndilo la hatari. Ugonjwa wa Newcastle, ambao jirani zetu wa Tanzania wanauita kideri, unaweza kuanza na mayai laini, yaliyopinda au yenye ganda la makunyanzi, halafu kuku wanakohoa, wanahara kijani, wanapinda shingo, na banda zima linakwisha kwa siku chache. Maganda ya konokono hayatibu hilo, na hakuna dawa ya kulitibu. Kuna chanjo tu, nayo inatolewa kabla ugonjwa haujafika. Kama mayai laini yanakuja pamoja na kuku wanaosinzia au kufa, msipoteze hata siku moja: tengeni wagonjwa, msiuze kuku wala kuwapeleka kwa ndugu, na mwiteni muganga wa mifugo.

MASWALI YENU

Mama mmoja wa Wamaza anauliza: je, maganda yataongeza idadi ya mayai?

Hapana, mama, kama kuku wako ni wa kienyeji. Kuku wa kienyeji kwa kawaida anataga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa mafungu, halafu anaatamia. Maganda yanamsaidia asivunje mayai chini yake wakati wa kuatamia, na hiyo tayari ni faida ya vifaranga. Lakini hayambadilishi kuwa kuku mwingine.

Dada wa Kipaka anauliza: wanunuzi wanalalamika kiini ni cheupe, niongeze madini gani?

Hakuna madini ya rangi, dada. Rangi ya kiini inatoka kwenye mahindi ya njano, majani mabichi na mawese. Wape majani ya viazi vitamu au ya mchicha kila siku, na utaona baada ya juma moja au mawili. Kiini cheupe hakimaanishi kwamba yai ni bovu. Na rangi ya ganda, la kahawia au jeupe, ni ya ukoo wa kuku tu.

Mama wa Samba anauliza: kuku wangu wanakula mayai yao, niwachinje?

Ngoja kwanza. Mara nyingi wanaanza kwa bahati mbaya: ganda jembamba linavunjika, wanaonja, wanazoea. Weka sahani ya maganda, okota mayai mara tatu kwa siku, na fanya viota viwe na majani mengi na kivuli. Ukiona mmoja anaendelea, huyo ndiye wa sufuria, si wote.

Koko mmoja wa Tongoni anauliza: yai lililopasuka nalifanya nini?

Usiliuze. Kama limepasuka leo na ngozi ya ndani haijachanika, lipikeni siku ileile mpaka liive kabisa, na mpe mtoto. Kama limevuja na kuchafuka, litupeni. Na kwa wale wanaosema mtoto akila yai atakuwa mwizi, au mama mwenye mimba akila yai atazaa mtoto asiye na nywele, tunasema kwa heshima: tumeona watoto wengi wezi ambao hawajawahi kuonja yai. Mtoto wa bondeni na wa mlimani wote wanahitaji chakula cha kujenga mwili, na yai ni moja ya hivyo.

KUHUSU YULE BIBI

Tulimwambia mwenzetu jambo moja tu: “Kabla ya kuita mtu wa kufunua, tupe majuma matatu.” Bwana yake alikubali. Shemeji alikasirika lakini alinyamaza. Tukakusanya maganda ya konokono pamoja na watoto, tukayapitisha juu ya makala, tukayaponda. Ukuta mmoja wa chumba ukatobolewa na kufungwa wavu. Kuku wakapewa jua na sahani ya pembeni.

Siku ya tano mayai yasiyo na ganda yalikwisha. Juma la pili ganda lilianza kulia likigongwa kwa ukucha. Kati ya wale kuku wawili wasiosimama, mmoja alipona, mmoja alikufa. Juma la tatu mama alipeleka plato moja sokoni kwa baiskeli ileile na njia ileile, na mayai mawili tu yalipasuka.

Tungependa kuwaambia kwamba siku hiyohiyo alikwenda kwa bibi na wakakumbatiana. Haikuwa hivyo. Maneno yaliyosemwa juu ya mtu hayaondoki kwa majuma matatu. Mwenzetu alikaa siku kadhaa bila kujua ataingiaje katika ua ule. Mwisho alimtuma binti yake na mayai sita ndani ya kibakuli. Bibi aliyapokea, akarudisha kibakuli kikiwa na maganda ya konokono yaliyopondwa. Watoto sasa wanacheza tena pamoja. Shemeji bado anasema lake.

Tunaomba vikundi vyote, mkutano ujao, mlisome jambo hili kwa sauti, hata kwa wale wasiofuga. Kila mtu alete mkono mmoja wa maganda, tuyaponde pamoja na tuonyeshane ukubwa wa chenga. Na kama kuna mtu katika kijiji chenu anayesemwa kwa sababu ya kuku, mbuzi au mtoto mgonjwa, njooni mtuambie mapema, kabla ya mtu wa kufunua kuitwa.

Juma lijalo, karanga. Kaeni salama.